Siku Niliyomuaga Mama Shiro

Bado naiona, mwanangu, alasiri ile ya Novemba niliyosimama mbele ya kaunta ya Bi Mwanaisha nikiwa na furaha kama mtu anayekwenda kutangaza harusi. Nilikuwa kijana bado. Nilidhani nimeenda kununua bidhaa, kumbe nilikuwa nimejipeleka kukaripiwa, na karipio lile ndilo lililonipa maisha haya unayoyaona. Nimesikia kwa mama yako kwamba umepata kazi mpya, na kwamba unataka kuondoka huko ofisini kwako bila kumwambia mtu, uzime simu na wakutafute. Kuondoka si vibaya. Hata mimi niliondoka. Lakini keti kwanza nikusimulie nilivyoondoka, halafu utaamua mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa msusi wa nywele Kenyatta Market, hapa Nairobi. Ukishapita moshi wa nyama choma unaingia kwenye vijia vya vibanda vya wasusi, na huko kila hatua unaitwa: "Dada, nywele! Kuja nikusuke, dada!" Kusuka kwa soko lile si kazi ya mtu mmoja. Kichwa kimoja huzungukwa na wasusi watatu, pengine wanne, kila mmoja na upande wake, ili kastoma aliyeketi asubuhi awahi kurudi kazini mchana. Sasa hebu fikiri, mikono yote ile kwenye kichwa kimoja, na rasta zote zitoke sawa kama zimesukwa na mtu mmoja. Ukivuta kuliko mwenzako, kastoma anaumia upande mmoja. Ukilegeza, upande wako unafumuka kabla ya mwezi kwisha, na jina linaloharibika ni la kibanda kizima.

Kibanda chetu kilikuwa cha Mama Shiro. Alikuwa mwanamke wa Kikuyu, mzaliwa wa Dagoretti, mrefu, mwenye sauti nzito, asiyecheka ovyo. Mimi nilikuwa msichana wa Kiluhya niliyekuwa nikikaa kwa shangazi yangu Kangemi, sina cheti cha kuonyesha mtu, na sijui chochote zaidi ya matuta ya watoto wa shule. Nilikuwa nimezunguka vibanda vingi nikiambiwa hakuna nafasi. Mama Shiro aliniuliza swali moja tu.

"Unaweza nyamaza?"

Nikasema naweza.

"Basi keti hapo uangalie."

Nikaangalia, mwanangu, mpaka nikachoka kuangalia. Kisha akaanza kunipa kazi ndogo ndogo: kuchambua nyuzi, kuchemsha maji ya kuchovya ncha za rasta ili zisifumuke, kufagia. Halafu akanipa sehemu ya nyuma ya kichwa, pale pasipoonekana sana, kisha pembeni, na mwisho kabisa akanipa mbele, juu ya uso, ambapo hapakubali makosa. Alinifunza pia mambo ambayo hayahusu nywele. Kastoma akiwa na huzuni usimuulize, mwache akae. Akitaka kuongea, msikilize, na maneno yake yaishe hapo hapo kwenye kiti. Usimseme msusi wa kibanda kingine mbele ya mteja, hata kama amemharibia kichwa. Nilifuata yote hayo, na baada ya muda wateja wakaanza kufika mlangoni na kuuliza, "Nekesa yuko?" Nekesa ndiye mimi. Mama Shiro akisikia hivyo hakununa. Alisogeza kiti tu na kusema, "Yuko. Keti."

Tulikuwa na msusi mwingine kijana, jina lake Rozi. Alikuwa na mikono myepesi kuliko wote, na mdomo mwepesi vilevile. Mimi na yeye tulipendana kama ndugu. Siku moja tukila chakula cha mchana akaniambia, "Nekesa, si wewe unaona? Kazi ni sisi tunafanya. Mama Shiro anakaa tu kama chifu. Hawa kastoma wanakuja juu yetu, si juu yake."

Haikuwa kweli, na nilijua si kweli, lakini yalikuwa maneno matamu. Tukaanza kupanga. Nikapata kibanda Kangemi, karibu na soko, si mbali na barabara ya Waiyaki, mahali ambapo kina mama wa Loresho na Westlands wangeweza kufika kwa urahisi. Mpango wetu ulikuwa kuondoka pamoja Desemba, msimu wa nywele ukiwa umepamba moto, na kabla ya hapo tuwe tumewanong'oneza wateja wetu tukiwasuka. Mama Shiro angeamka siku moja akute viti vitupu. Tulicheka tukilisema hilo. Sijui tulikuwa tunacheka nini.

Ndipo nikaenda mjini kwa Bi Mwanaisha. Huyu alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Lamu, mwenye duka dogo upande wa juu wa River Road, ambapo aliuza mafuta ya nywele, vitana, na paketi za rasta za kila rangi, na kule nyuma kanga. Wasusi wengi wa mji huu walinunua kwake. Mama Shiro alikuwa akinituma huko kwa miaka, kwa hiyo Bi Mwanaisha alinijua vizuri.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Mama Shiro hajambo?"

"Hajambo, Bi Mwanaisha. Lakini leo sijatumwa na yeye. Leo nimekuja mwenyewe. Ninafungua saluni yangu."

Uso ukamng'aa. "Mashallah! Wapi?"

"Kangemi. Mimi na Rozi. Nataka unichagulie bidhaa za kuanzia."

Akafurahi sana. Akaanza kushusha paketi kutoka rafuni, akinieleza ipi inatoka haraka na ipi haifai kwa nywele laini, kaunta ikajaa. Halafu, bila hata kuniangalia, akauliza, "Na Mama Shiro asemaje? Bila shaka amefurahi."

"Bado hajui. Tutaondoka tu. Atasikia."

Mkono wake ukasimama juu ya paketi. Kisha, mwanangu, akaanza kuzirudisha rafuni, moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayefunga duka.

"Bi Mwanaisha, mbona? Nimekuja na pesa."

"Sikukuuliza pesa. Mali n'nayo, lakini leo sikuuzii."

Nikabaki nimesimama. Kulikuwa na wateja wengine wawili pale, na niliona wakijifanya wanatazama kanga. Bi Mwanaisha alizunguka kaunta akaja upande wangu, akaniongelesha kwa sauti ya chini ili asinifedheheshe zaidi.

"Sikiza. Wewe waja hapa siku zote, nakupa mzigo waondoka nao mikono miwili, wala sikuhesabii mara mbili. Wadhani nakuamini kwa uzuri wa uso wako? Mama Shiro alikuleta hapa siku ya kwanza amekushika mkono. Akanambia, 'Huyu ni msichana wangu, ukimpa umenipa mimi.' Neno lake hilo ndilo utembealo nalo mji huu. Sasa wataka kumtoroka mwenyewe, na neno lake ubaki nalo?"

"Lakini nikimwambia atanifukuza."

"Huenda. Na akufukuze. Ukifukuzwa kwa kusema kweli, njoo kesho nikupe mzigo. Lakini ukija hapa umemtoroka aliyekufunza kazi, mimi kila siku nitakuwa nautazama mlango huu, najiuliza ni lini utanitoroka na mimi."

Niliondoka na mfuko mtupu, nimekasirika hata njia siioni vizuri. Nilijiambia kwamba yule ni mwanamke wa zamani, hajui kazi za siku hizi. Nilijiambia kwamba kuna maduka mengine tele ya rasta mtaa ule, na kweli yalikuwepo, niliyapita moja baada ya jingine. Lakini sikuingia hata moja. Nilikuwa naukumbuka mkono wa Mama Shiro ukinishika mbele ya kaunta ile. Nilikuwa nimeusahau kabisa, na yule mama wa River Road alikuwa ameukumbuka kwa niaba yangu.

Kesho yake nilimwambia Rozi kwamba nitazungumza na Mama Shiro. Akaniangalia kana kwamba nimerukwa na akili.

"Unajua Mama Shiro wewe? Atakufukuza leo leo. Na mimi nitafukuzwa pamoja na wewe."

"Sitakutaja. Nitasema yangu tu."

"Wacha ujinga, Nekesa. Yeye angekuambia wewe kama anataka kukufuta kazi?"

Mpaka leo najua waajiri wengi wasingeniambia. Nilirudia tu kwamba sitamtaja. Akasema basi kibanda cha Kangemi nibaki nacho, yeye atatafuta njia yake. Urafiki wetu uliishia hapo, juu ya sahani za githeri, na iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Siku iliyofuata nilifika kabla ya wateja. Mama Shiro alikuwa ameinama akiwasha jiko la maji. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri njiani, na yote yakapotea.

"Mama Shiro, nataka kuongea na wewe."

"Ongea."

"Nimepata kibanda Kangemi. Nataka kujisimamia. Nimekuja kukuaga, na kukushukuru, kwa sababu yote ninayojua ni wewe umenifunza. Nitakaa mpaka Desemba iishe, nisikuache wakati wa kazi nyingi. Na wateja wako sitawaita."

Aliendelea kupuliza moto. Rozi aliingia, akaona tulivyosimama, akajishughulisha na vitana.

"Nani mwingine anaenda?" Mama Shiro akauliza.

"Mimi nasema yangu tu, Mama."

Akasimama. Akaniangalia, akamwangalia Rozi, akanirudia mimi.

"Vua aproni."

"Mama Shiro, si ningemaliza hata wiki hii, kuna wale watu wa—"

"Nimesema vua. Sitaki mtu anashika kichwa ya kastoma wangu na akili yake iko Kangemi."

Nikavua. Nikaikunja, nikaiweka juu ya kiti. Nilitoka nikipita vibanda vya wenzangu, nao wananiita, "Nekesa, wapi saa hizi?" nami siwezi hata kuinua mkono. Nilienda moja kwa moja hadi mjini, kwa Bi Mwanaisha, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda.

"Amekufukuza?" akaniuliza.

"Amenifukuza."

"Umelia?"

"Nimelia."

"Basi njoo unywe chai. Kisha tuchague mzigo."

Natamani nikuambie kwamba baada ya hapo mambo yalininyookea, mwanangu, lakini nitakuwa nakudanganya. Desemba ile ilikuwa ngumu. Kina mama wa Kangemi walikuwa na wasusi wao wa siku zote, tena wengi walisukwa na majirani kwenye vibaraza vya nyumba zao. Nilikaa mlangoni mwa kibanda changu kipya nikiwatazama wanunuzi wa sukuma wiki na mitumba wakipita. Shangazi akija kuniona alijifanya ana nywele za kurekebisha, ili tu watu waone kuna mtu kwenye kiti.

Kisha nikasikia habari za Rozi. Wiki ya Krismasi, kibanda cha Mama Shiro kikiwa kimejaa watu hadi nje, Rozi alimwambia kastoma aliyekuwa akimsuka, "Naenda kununua maziwa ya chai, nakuja." Hakurudi. Alimwacha yule mwanamke na nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama. Alikuwa amekodi chumba Westlands na mwenzake mwingine, na wateja wengi walimfuata huko, wakiwemo waliokuwa wangu. Niliambiwa anafanya kazi mpaka anakataa watu. Siku hiyo nilijiona mjinga wa mwisho. Nilifunga kibanda mapema, nikaenda kanisani kukaa tu, sikuweza hata kusali.

Mwezi wa kwanza ukaisha hivyo. Ndipo siku moja simu yangu ikalia. Alikuwa Madam Lilian, wakili mmoja wa mjini niliyekuwa nikimsuka kila mwezi kule Kenyatta Market, mwanamke wa maneno machache na haraka nyingi.

"Nekesa! Umepotelea wapi? Naambiwa umehama."

"Nimehama, Madam. Niko Kangemi."

"Si basi nije? Nina safari wiki ijayo na kichwa changu ni aibu."

Kiti changu kilikuwa kitupu tangu asubuhi. Nilikitazama, nikasema, "Madam, nilimwahidi Mama Shiro sitawaita wateja wake."

"Lakini hujaniita. Mimi ndiye nimekupigia."

Ilikuwa kweli tupu, na niliikubali kwa moyo wangu wote. Hata hivyo nilijua kwamba nikimsuka kimyakimya, nitakuwa nikitega sikio kila siku kusikia kama Mama Shiro amejua. Nikasema, "Basi naomba kitu kimoja, Madam. Kabla hujaja, mpigie Mama Shiro umwambie unakuja kwangu. Nisikusuke kwa kificho."

Akacheka kwa sauti. "Nyinyi wasusi mna mambo kuliko sisi mawakili." Simu ikakatika. Nikajua nimempoteza yeye pia.

Siku chache baadaye, asubuhi, nilikuwa napanga paketi nilipoona kivuli mlangoni. Nilipoinua macho, alikuwa Mama Shiro. Alivaa koti lake la kanisani na kitambaa kichwani. Hakusalimia. Alikitazama kibanda, ukuta kwa ukuta, akagusa jiko, akachungulia kioo. Kisha akaketi kwenye kiti changu na kufungua kitambaa.

"Nisuke," akasema.

Kwa miaka yote niliyofanya kazi kwake hakuna msusi wa kibanda chetu aliyewahi kumgusa nywele. Alisukwa na dada yake Dagoretti, na tulikuwa tukisema kati yetu kwamba hamwamini mtu mwingine. Nikachukua kitana. Niligawanya mstari wa kwanza, nikaufuta, nikaugawanya tena. Majirani wakaanza kukusanyika, maana hata Kangemi kulikuwa na waliomjua, na minong'ono ikapita: huyo ni Mama Shiro wa Kenyatta Market, amekuja kusukwa na Nekesa.

Nikaanza kusuka. Nilipofika chini, karibu na shingo, akainua mkono.

"Hapa unavuta sana. Ni mimi nilikufunza hivyo?"

"Hapana, Mama."

"Fungua uanze tena."

Nikafungua, nikaanza tena, na tukajikuta sote wawili tunacheka, yeye asiyecheka ovyo. Kucheka kule kulivunja kitu. Nikiendelea kusuka, naye anaangalia mbele, ndipo alipoongea.

"Lilian alinipigia. Aliona ni kichekesho. Mimi sikucheka." Akajinyoosha kwenye kiti. "Unajua ile siku nilikasirika kwa sababu gani? Si kwa sababu ulisema. Nilikasirika kwa sababu unaenda. Hiyo kitu iliniuma, na sikuwa na mahali pa kuiweka."

Machozi yangu yalikuwa yanaangukia nywele zake, naye akajifanya hayaoni.

Nilipomaliza alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akageuza kichwa huku na huku kama anavyowakagua wateja wake. "Ni sawa," akasema. Kisha, akifunga koti, "Jumamosi niko na harusi mbili na sina mikono. Moja ni yako. Bibi harusi anatoka Kabete, na dada zake wote watasukwa. Usiniaibishe."

Harusi ile ndiyo iliyofungua mlango wangu. Kina dada waliambiana, Madam Lilian akaja na wenzake, na kila Mama Shiro alipozidiwa na kazi alinitumia watu, nami nikamtumia wangu. Baada ya mwaka nilikuwa na wasichana wangu wa kuwafunza. Nilimpeleka kila mmoja kwa Bi Mwanaisha nimemshika mkono.

Lakini sijafika kwenye jambo lililonifanya nimshukuru Mungu kwa ajili ya Mama Shiro mpaka leo. Unaikumbuka hadithi ya vurugu zilizofuata uchaguzi, mwanzoni mwa mwaka elfu mbili na nane? Wewe ulikuwa mdogo. Kangemi iliwaka moto. Watu waliokopeshana chumvi walianza kuulizana majina ya ukoo. Kibanda changu kilivunjwa, kikaporwa, halafu kikachomwa, na sikujua ni nani, wala sikutaka kujua. Wakati huo nilikuwa nimeshaolewa, na mimi, mume wangu na watoto wetu tulikuwa kanisani pamoja na majirani wa kila kabila, tumeketi sakafuni. Simu ikalia.

"Uko hai?" Ilikuwa sauti nzito ya Mama Shiro.

"Niko hai."

"Watoto?"

"Wako na mimi. Lakini kibanda kimeisha, Mama. Hakuna kitu kimebaki."

"Kibanda ni mabati. Barabara ikifunguka, kuja. Utafanya kazi hapa mpaka ujipange."

Barabara ilipofunguka nilikwenda. Unielewe, mwanangu: yeye Mkikuyu, mimi Mluhya, na siku zile kukaa pamoja hadharani kulikuwa jambo la kuangaliwa. Asubuhi yangu ya kwanza kastoma mmoja aliingia, akaniona, akamwambia Mama Shiro kwa Kikikuyu kwamba haoni sababu ya mtu kama mimi kuwa pale wakati kama ule. Alidhani sielewi. Miaka yangu pale nilikuwa nimekijua Kikikuyu cha kutosha. Mama Shiro alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata kibanda cha pili walisikia.

"Huyu kazi nimemfunza mimi. Na siku alikuwa anaenda, aliniambia kwa uso. Kama hutaki mkono wake, hata wangu hutapata."

Yule mama alisimama kidogo, akatafuta pa kuangalia, kisha akaketi. Tulimsuka sote wawili, mimi kushoto, Mama Shiro kulia. Nilifanya kazi pale miezi kadhaa, nikala kwa mikono yangu, watoto wakaendelea na shule. Bi Mwanaisha akanifungia mzigo wa kuanza upya, na Mama Shiro mwenyewe alikuja Kangemi kusimamia fundi aliyepigilia mabati yangu mapya, akimgombeza kwa kila msumari uliokaa upande.

Leo Bi Mwanaisha ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na duka lake linaendeshwa na binti yake. Mama Shiro amezeeka, yuko Dagoretti kwake, anafuga kuku, nami humsuka kila mwezi bila kukosa, na bado huniambia navuta sana shingoni. Kuhusu Rozi, sitakuambia kwamba aliharibikiwa, kwa sababu hakuharibikiwa. Ana saluni kubwa kuliko yangu, na anajua kazi. Tulisalimiana mwaka juzi mazishini. Aliniambia kwamba akienda Kenyatta Market kula nyama, huzunguka kwa upande wa nyuma ili asipite mbele ya kile kibanda, ingawa Mama Shiro hayuko pale tena. Alilisema akitabasamu, lakini nilimhurumia.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi mpya ichukue. Usiogope kukua. Lakini kesho asubuhi nenda kwa mkubwa wako, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Mshukuru, na usiseme asante ya jumla jumla. Mtajie jambo alilokufunza, ajue kwamba uliliona. Kazi uliyoianza usiiache nusu kichwa. Usibebe kitu ambacho si chako, iwe ni mteja au siri za ofisi, na ukitoa ahadi siku ya kuondoka, itimize hata wakati ambapo hakuna anayekutazama na tumbo lako lina njaa. Wenzako unaowaacha usiwataje kwa ubaya wala kwa uzuri usioulizwa. Na akikasirika, mwache akasirike. Pengine si ubaya wako unaomuuma, ni kukupoteza. Siwezi kukuahidi kwamba atakufuata siku moja kwenye mlango wako, maana si kila mkubwa ni Mama Shiro, na wengine hawatakushukuru kamwe. Hata hivyo wewe utakuwa umeondoka kama mtu mzima, na mji huu ambao unaonekana mkubwa, watu wake hujuana. Atakayekupa kazi kesho atamuuliza aliyekupa kazi jana.

Ukipata nafasi huko uendako, mtafute kijana mmoja asiyejua kitu, umketishe karibu nawe aangalie. Mimi nilipewa hivyo bure.

Basi Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe mikono inayofanya kazi iliyonyooka na midomo inayosema kweli bila ukali. Akuinulie watu watakaolisema jina lako vizuri ukiwa haupo. Na kila mlango utakaoutoka, akujalie uwe ule unaoweza kuugonga tena mchana kweupe, ukaambiwa karibu.